Lini useme "left", lini useme "had left": mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Tuseme ulikuwa ndani ya basi lililogongwa na lori, na watu wa bima wanataka maelezo yako kwa Kiingereza. Unaandika: "When the lorry hit us, our driver stopped the bus." Anayesoma ataelewa kwamba lori liligonga kwanza, kisha dereva wenu akakanyaga breki. Kumbe ulichotaka kusema ni kwamba basi lilikuwa limeshasimama kando ya barabara, abiria wanashuka, ndipo lori likaja kulivaa. Hiyo ni sentensi nyingine: "When the lorry hit us, our driver had stopped the bus." Kilichoongezeka ni neno moja dogo, had, na ndilo linaloamua nani alikuwa kwenye mwendo na nani alikuwa ameegesha.

Shuleni nyakati hizi mbili huitwa simple past na past perfect. Hapa nitaziita wakati uliopita wa kawaida na wakati uliopita timilifu, na mara nyingi huo wa pili nitautaja kwa alama yake tu: had. Vitabu vingi huufundisha kwa kanuni moja, kwamba tukio lililotangulia lipewe had na lililofuata lipewe wakati wa kawaida. Kanuni hiyo si ya uongo, ila haitoshi. Katika habari yoyote ya jana karibu kila tukio limetangulia jingine, na ukiishika kanuni hiyo kama ilivyo utajaza had ukurasa mzima. Kwa ninavyoona, sisi wasemaji wa Kiswahili hatukosei sana kwa kuisahau had; tunakosea kwa kuimwaga pasipohitajika. Bahati nzuri Kiswahili chenyewe kina vipimo vya kutusaidia, pamoja na mitego yake michache ambayo lazima uijue kwa majina.

Hatua ya 1: Yaweke maumbo sawa

Hapa hapana mjadala mrefu. Wakati wa kawaida hutumia umbo la pili la kitenzi: went, wrote, came. Timilifu hutumia had pamoja na umbo la tatu: had gone, had written, had come. Had haibadiliki kwa nafsi yoyote, awe I, she au they. Kinachowaponza watu ni vitenzi visivyofuata kanuni, ndiyo maana tunakutana na "had went", "had wrote" na "had drank". Sahihi ni had gone, had written, had drunk. Kama orodha ya maumbo matatu hujaikariri, anza na hiyo kabla ya kusoma zaidi, kwani hakuna kanuni itakayokuokoa.

Ile 'd ya mkato nayo ina sura mbili. Inaweza kuwa had au would, na kitenzi kinachofuata ndicho kinachokuambia: "I'd gone" ni had, "I'd go" ni would. "I'd come" inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, hapo muktadha ndio utakaoamua. Na usiogope "had had". "By ten o'clock I had had three cups of tea" ni Kiingereza safi kabisa.

Hatua ya 2: Pima kwa -ka-

Msimulizi wa Kiswahili ana kifaa ambacho Kiingereza hakina, kiambishi -ka-. "Nilifika stendi, nikakata tiketi, nikapanda basi, nikalala." Kila -ka- inasukuma habari mbele hatua moja. Kwa Kiingereza kazi hiyohiyo hufanywa na wakati uliopita wa kawaida peke yake: "I reached the bus stand, bought a ticket, boarded the bus and fell asleep." Hakuna had hata moja, ingawa tiketi ilikatwa kabla ya kupanda basi na basi lilipandwa kabla ya usingizi. Matukio yakipangwa kwa mfuatano wake, msomaji hahitaji kuambiwa lipi lilitangulia. Anaona mwenyewe.

Basi, kabla ya kuandika, isimulie habari yako kimoyomoyo kwa Kiswahili. Popote ambapo -ka- inakaa vizuri, andika wakati wa kawaida na usonge mbele.

Hapa ndipo penye kosa ambalo naliona kuliko mengine yote: kudhani kwamba had maana yake ni "zamani sana". Mtu anaandika "Tanganyika had got its independence in 1961" kwa kuwa 1961 ni mbali. Lakini had haipimi miaka. "Vasco da Gama reached Malindi in 1498" imepitwa na zaidi ya karne tano na bado ni reached. "Tanganyika became independent in 1961" nayo ni hivyohivyo. Tukio likiwa peke yake, hata liwe la enzi za Nuhu, linabaki kwenye wakati wa kawaida.

Kwa sababu hiyo "I had gone to town yesterday" na "I had told you", tunazozisikia kila siku kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, zinamwacha msikilizaji akingoja. Ulikuwa umekwenda mjini, halafu ikawaje? Kama hakuna "halafu", sema "I went to town yesterday" na "I told you".

Hatua ya 3: Simama mahali, kisha geuka nyuma

Had inahitaji sehemu mbili za wakati uliopita: pale uliposimama kama msimulizi, na pale unapopatazama ukiwa umegeuza shingo. Tazama sentensi hii: "When Kenya became independent in December 1963, Tanganyika had already been independent for two years." Tumesimama Desemba 1963, tumegeuka, tunaiona Desemba 1961. Ule uhuru wa Tanganyika uliokataa had ukiwa peke yake sasa unaidai, kwa kuwa tumepata pa kusimama. Au rudi Malindi: "When Vasco da Gama reached Malindi in 1498, Kilwa had already grown rich from the gold trade."

Kwa Kiswahili kugeuka huko kunafanywa na kitenzi cha maneno mawili: alikuwa ameondoka, walikuwa wamekula, nilikuwa sijawahi kuona. Ukijikuta -ka- haiingii na ulimi wako unataka "alikuwa ame-", had iko karibu.

"The pots were empty. The guests had eaten everything." Sufuria zilikuwa tupu, wageni walikuwa wamekula kila kitu. Jaribu kuweka -ka- hapo, "sufuria zilikuwa tupu, wageni wakala kila kitu", uone habari inavyogeuka kioja.

"I was twenty and I had never seen the sea." Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa sijawahi kuona bahari. "Nilikuwa sija-" ni rafiki wa kuaminika kuliko hata "nilikuwa nime-". Karibu kila mara tafsiri yake ni hadn't au had never.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili hakikupi ishara: vishazi vya "ambaye" na "-liyo-". Tukizungumzia wakimbiaji wawili, tunasema "Filbert Bayi alivunja rekodi aliyoiweka Jim Ryun", kwa -li- mbili, bila "alikuwa ame-". Kiingereza hupendelea kuonyesha mgeuko: "In 1974 Filbert Bayi broke the world record that Jim Ryun had set in 1967." Vivyo hivyo: "In Chicago in 2023 Kelvin Kiptum broke the world record that Eliud Kipchoge had set in Berlin the year before." Ukiandika set bila had utaeleweka, maana miaka inasema yenyewe. Lakini ukiondoa tarehe, had inazidi kusaidia. Na mfano wa Bayi unaondoa imani nyingine iliyozoeleka, kwamba sentensi yenye mwaka haiwezi kubeba had. Inaweza, mradi mwaka huo uko nyuma ya pale uliposimama.

Hatua ya 4: Jihadhari na "alikuwa amelala"

Hatua ya 3 ingekuwa mwisho wa mwongozo huu kama "alikuwa ame-" ingekuwa sawa na had siku zote. Haiko hivyo, na hili somo la darasani mara nyingi hulipita kwa sababu vitabu vimeandikwa kwa ajili ya mtu yeyote, si kwa ajili ya Mswahili.

Kiswahili kina vitenzi vingi ambavyo kwa -me- havielezi tendo lililokwisha bali hali iliyopo. Ukisema "amelala", husemi kwamba kulala kumemalizika. Unasema yuko usingizini sasa hivi. "Amevaa kanzu" maana yake kanzu iko mwilini. Ukilirudisha hilo nyuma, "alipoingia mgeni, baba alikuwa amelala", bado ni hali iliyokuwepo wakati uleule mgeni anaingia. Kiingereza hakitumii had hapo. Ni "When the guest came in, Father was asleep." Ukiandika "Father had slept", msomaji ataona mzee aliyekwisha kuamka, amenawa uso, anakunywa chai.

Orodha ni ndefu, na inafaa kuipitia polepole. Alikuwa amevaa koti: was wearing a coat. Alikuwa amesimama mlangoni: was standing at the door. Alikuwa amekaa: was sitting. Alikuwa amebeba mtoto: was carrying a child. Alikuwa ameshika panga: was holding a machete. Alikuwa amechoka, was tired. Amekasirika, was angry. Amelewa, was drunk. Ameolewa, was married. Mlango ulikuwa umefungwa: the door was closed. Ndoo ilikuwa imejaa: the bucket was full. Maembe yalikuwa yameiva: the mangoes were ripe. Hakuna had hata moja, na kila moja kwa Kiswahili ni "-likuwa -me-".

Utavitambuaje bila kukariri? Chomeka neno "bado". "Alikuwa bado amelala", sawa. "Alikuwa bado amevaa koti", "bado amebeba mtoto", "bado amekasirika", zote zinakubalika masikioni. Sasa jaribu "alikuwa bado ameondoka", "bado amefika", "bado ameandika barua". Sikio linakataa mara moja. Kitenzi kinachopokea "bado" ni cha hali: tumia was au were. Kinachoikataa ni cha tendo lililokamilika: tumia had. Kipimo hiki ni cha sentensi za kukubali tu. Kwenye kukanusha, "bado hajafika", hakifanyi kazi, na hapo hukihitaji.

Kuna vitenzi vinavyokaa pande zote mbili, na kusimama ni kimojawapo. "Basi lilikuwa limesimama" yaweza kuwa "the bus was standing still" au "the bus had stopped". Ukitaka kueleza hali, chukua ya kwanza. Ukitaka kusisitiza kwamba dereva alishafanya jambo fulani, chukua ya pili. Kwenye karatasi ya bima ningechukua ya pili bila kufikiri mara mbili, kwa sababu inamtaja dereva na tendo lake. Kufa nako kuko hivyo: "alikuwa amekufa" ni "was dead" kwa anayeelezea alichokikuta, na "had died" kwa anayeeleza kilichotokea.

Hatua ya 5: Kiunganishi kinakusaidia au kinakutupa?

When ni kiunganishi kisicho na msimamo. Kinaunganisha matukio bila kusema lipi lilitangulia, kwa hiyo umbo la kitenzi ndilo linalobeba mzigo wote. Chukua mkutano wa kijiji:

"When the chairman arrived, we sang." Alifika, tukaimba.
"When the chairman arrived, we were singing." Alifika tukiwa tunaimba.
"When the chairman arrived, we had sung." Alifika tulikuwa tumeshaimba, na nyimbo zimemkosa.

Baada ya when, pima kila mara. Ila matukio yakifuatana papo hapo, kama "When she saw the snake, she screamed", usiweke had. Aliona, akapiga yowe, -ka- imeshajibu.

After na before ni tofauti. Vyenyewe vimeshasema mpangilio, kwa hiyo had ni hiari. "After we ate, we left" na "After we had eaten, we left" zote ni sahihi. Walimu wengi huipenda ya pili, hivyo kwenye mtihani iandike hiyo. Kwenye barua au ripoti ya kazini usijisumbue.

Mtego wetu uko kwenye before. Kiswahili husema "tuliondoka kabla mvua haijanyesha", kwa kukanusha, na mwanafunzi akihamisha sentensi kama ilivyo anapata "before the rain had not fallen", ambayo Mwingereza hawezi kuitegua. Baada ya before Kiingereza hukubali, hakikanushi: "We left before it rained." Ikiwa jambo lililokatizwa lilikuwa limeanza na halijakamilika, had inaruhusiwa kuingia: "She left before I had finished speaking", aliondoka kabla sijamaliza kusema.

By the time huipenda had kwa upande wa pili wa sentensi: "By the time the doctor came, the fever had gone down." Already, just na never vikitokea kwenye simulizi la zamani navyo huivuta had. It was the first time pia: "It was the first time I had flown."

Kuhusu no sooner na hardly, watahiniwa wa kidato cha nne wanazifahamu kwa uchungu, maana ni mgeni wa mara kwa mara katika maswali ya kuandika upya sentensi. Umbo halibadiliki: "No sooner had we sat down than the lights went out." "Hardly had we sat down when the lights went out." No sooner huenda na than, hardly huenda na when, had hutangulia mtenda, na upande wa pili unabaki na wakati wa kawaida. Katika mazungumzo ya kawaida watu hawasemi hivyo sana. Ikariri kwa ajili ya mtihani, basi.

Hatua ya 6: Alisema, niligundua, nilikumbuka

Kiswahili hakibadilishi wakati ndani ya maneno yaliyoripotiwa. "Alisema amepoteza simu." "Niligundua nimesahau kitambulisho." Msemaji anabaki ndani ya kichwa cha mhusika, na -me- inatosha. Kiingereza hukirudisha kitenzi cha ndani nyuma hatua moja mara tu kitenzi cha nje kinapokuwa cha wakati uliopita. -Me- ya ndani inakuwa had:

"She said she had lost her phone."
"I realised I had forgotten my identity card."
"We found out that the office had moved."

"I realised that I have forgotten" ni Kiswahili kilichovaa Kiingereza. Dawa yake ni fupi: ukishaandika said, told, thought, realised, remembered, discovered au found out, na Kiswahili chako cha ndani kina -me-, weka had bila kujadiliana na nafsi yako. Angalizo la hatua ya 4 bado lipo, kwani "aliniambia amechoka" inakuwa "she told me she was tired".

Kama Kiswahili cha ndani kina -li-, "alisema alipoteza simu Jumatatu", una uhuru. "She said she lost her phone on Monday" inapita, na waandishi wa magazeti huiandika hivyo kila leo. "Had lost" ni rasmi zaidi.

Maneno ya wakati nayo yanahama, na hapa watu wengi huacha kazi nusu. Ago hupimwa kutoka leo, unapoongea. Before na earlier hupimwa kutoka pale uliposimama ndani ya habari. "I met him three years ago" ni wakati wa kawaida. "When I joined the company, he had left three years before" ni had. Ukiona ago na had katika kishazi kimoja, kimojawapo kati ya hivyo huwa kimepotea njia. Vivyo hivyo yesterday huwa the day before, na last week huwa the previous week.

Hatua ya 7: Majuto yana had yake

"Ningejua unakuja, ningepika." Kiswahili cha leo kinatumia -nge- kwa nafasi iliyopo na kwa nafasi iliyokwisha kupita, -ngali- ya kale iliyokuwa ya majuto tunaichanganya tunavyotaka. Kiingereza hakiruhusu mchanganyo huo. Jiulize kama nafasi bado iko wazi. Kama mgeni yuko njiani na chungu hakijabandikwa, sema "If I knew he was coming, I would cook." Kama ameshafika na hakukuta chakula: "If I had known he was coming, I would have cooked."

Upande wa if ni had, upande wa pili ni would have. Anayeandika "If I would have known" ameweka -nge- pande zote mbili kama Kiswahili kinavyotaka, lakini Kiingereza sanifu hakiitaki upande wa if. I wish ni hivyohivyo: "I wish I had listened to my mother."

Kuna pia had ya adabu tunayoibeba kutoka nyumbani. Mtu akibisha hodi ofisini, kwa unyenyekevu anasema "nilikuwa nimekuja kuomba msaada". Anarudisha nyuma kitenzi ili ombi lisionekane kali. Kwa Kiingereza "I had come to ask for help", ukiwa umesimama mbele ya ofisa huyohuyo, inaleta maana kwamba ulikuja, ukabadili nia. Unyenyekevu wao unakaa kwingine: "I've come to ask for your help" au, kwa upole zaidi, "I was hoping you could help me."

Hatua ya 8: Ukisharudi nyuma, itue had

Hili ni la waandishi zaidi kuliko la watahiniwa. Ukirudi nyuma kwa kisa kirefu, huhitaji kubeba had hadi mwisho. Itumie kwenye kitenzi cha kwanza, labda na cha pili, msomaji ajue mmeshafika kule. Kisha simulia kwa wakati wa kawaida.

"Mwanaidi opened the shop at seven. During the night, thieves had broken the back window and taken two sacks of sugar. They left the rice, drank the sodas and even swept the floor. Now she stood in the doorway and called her brother."

Wezi wamepewa had moja, na taken imeifuata bila kuirudia. Left, drank na swept ziko kwenye wakati wa kawaida ingawa zilitokea usiku uleule. Kinachomrudisha msomaji asubuhi ni now. Bila neno la kumrudisha, atadhani Mwanaidi naye yuko usiku pamoja na wezi. Ukirudi nyuma kwa had, rudi mbele kwa neno la wakati: now, that morning, when the police came.

Hatua ya 9: Jaribu mwenyewe

Aya ifuatayo nimeijaza makosa ya hatua nyingi kati ya hizo. Isahihishe kabla ya kushuka chini.

"Yesterday I had gone to Kariakoo to buy a phone. When I reached the shop, the owner already left. His brother had slept in a chair. I asked him the price and he said that they have sold the last one. I remembered that I saw a similar phone in Posta two days ago, so I had taken a bus there. If I would have gone to Posta first, I would have saved money."

Had gone ya kwanza inaanza habari na haina tukio la kusimamia: went. The owner aliondoka kabla hujafika, na already ipo pale inaidai: had already left. Ndugu yake alikuwa amelala, tena "bado amelala" inakubalika: was asleep. Alisema wameuza, -me- ndani ya said: they had sold. Nilikumbuka nimeona: had seen, na two days ago inakuwa two days before. Nikapanda basi ni -ka-: took. Na if haipokei would: If I had gone. Aya nzima inasomeka hivi:

"Yesterday I went to Kariakoo to buy a phone. When I reached the shop, the owner had already left. His brother was asleep in a chair. I asked him the price and he said that they had sold the last one. I remembered that I had seen a similar phone in Posta two days before, so I took a bus there. If I had gone to Posta first, I would have saved money."

Kama ulipata zote isipokuwa asleep, rudia hatua ya 4 peke yake. Kama ulikosa had sold au had seen, tatizo lako liko hatua ya 6. Na kama uliweka had reached baada ya when, hukukosea hatua yoyote kwa ukali. Ni kwamba "had reached" na "had left" zikikaa pamoja, msomaji hana tena pa kusimama.